Kubadili Nywila kwa Kalenda: Namna ya Kuifundisha Sheria Pamoja na Sababu Yake

Mwalimu anapomaliza chuo na kupangiwa shule, mojawapo ya mambo ya kwanza atakayokabidhiwa siku hizi ni nywila. Zamani alikabidhiwa chaki, daftari la mahudhurio na ufunguo wa kabati. Leo huongezewa neno la siri la kuingilia katika tovuti ambamo huhifadhiwa majina ya wanafunzi, alama zao za mitihani, na pengine habari za mshahara wake mwenyewe. Aghalabu hata hajawazoea wenzake ofisini, tovuti humtangazia kwamba nywila yake imekwisha muda na kwamba hana budi kuibadili, la sivyo mlango haufunguki. Baada ya miezi mitatu hutangaziwa tena. Walimu wanafunzi kadhaa wametuuliza kama sheria hiyo ina maana yoyote, na kama yafaa waifundishe kwa watoto. Tumeona swali hilo linastahili kujibiwa kwa kirefu, kwa kuwa ndani yake mna jambo linalotuhusu sisi walimu zaidi ya linavyowahusu mafundi wa kompyuta, nalo ni hatari ya kufundisha sheria huku sababu yake ikiwa imesahauliwa.

Msimamo wetu tutautaja mapema ili msomaji asisumbuke kuutafuta. Tunaona kwamba tovuti isimlazimishe mtumiaji kubadili nywila kwa kuwa tu siku kadhaa zimepita. Imlazimishe siku ile ambapo pana dalili kwamba nywila yake imejulikana na mtu mwingine. Tutaeleza kwanza jinsi sheria hii ilivyozaliwa, maana haikuzaliwa na ujinga; kisha tutaonyesha ilipopotoka, na jinsi swali lote linavyoweza kufundishwa katika Darasa la Tano au la Sita, shule iwe na kompyuta au isiwe nayo.

Nywila za kompyuta zilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika chuo cha MIT, Marekani. Kompyuta ya siku hizo ilikuwa mtambo wa kujaza chumba, na Fernando Corbató na wenzake walibuni utaratibu wa kuwawezesha watu wengi kuutumia mtambo mmoja kwa wakati mmoja, kila mtu akiwa na kazi zake ndani yake. Ilibidi basi kila mmoja awe na neno lake la siri, kama wapangaji wa nyumba moja walivyo kila mmoja na ufunguo wa chumba chake. Haukupita muda mrefu siri zikavuja. Katikati ya miaka hiyo hiyo ya 1960 ilitokea hitilafu iliyoyafanya mafaili mawili yabadilishane nafasi: faili la tangazo ambalo kila aliyeingia alionyeshwa, na faili lililokuwa na nywila za watu wote. Kila aliyeingia mtamboni wakati huo, badala ya kusoma tangazo, alisoma nywila za wenzake. Msomaji aikumbuke siku hiyo, kwani tutairudia.

Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson, wa maabara za Bell, walichapisha matokeo ya kuchunguza nywila 3,289 ambazo watu walijichagulia wenyewe. Walikuta kwamba 86 katika kila 100 zilikuwa ama fupi mno, ama maneno yapatikanayo kwa urahisi katika kamusi na orodha za majina. Udhaifu ulikuwa katika uchaguzi wa watu. Lakini watu ni wagumu kuwabadili, na kalenda ni rahisi kuiamuru. Mwaka 1985 Idara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa mwongozo ulioeleza jinsi ya kukokotoa umri wa nywila: kadiri inavyotumika kwa muda mrefu, ndivyo mwenye kuikisia anavyopata nafasi zaidi, basi nywila ipewe umri, na umri huo usizidi mwaka mmoja. Kwa wakati wake hoja hiyo ilisimama. Ikiwa mwizi anahitaji miezi sita kuijaribu mipangilio yote, na wewe unabadili kila miezi mitatu, huenda ukamkuta bado yu njiani. Baadaye muda ulifupishwa, desturi ya siku 90 ikaenea katika maofisi na tovuti za dunia nzima, na katika miaka ya 2000 mtu aliyeulizwa kwa nini siku 90 wala si 80 au 200 hakuwa na jibu.

Tuipime hesabu yenyewe, maana hapo ndipo wengi hudanganyika. Chukua kufuli la namba tatu, la aina ile ya kufungia baiskeli. Lina mipangilio 1,000, kuanzia 000 hadi 999. Mwizi anayejaribu mmoja baada ya mwingine bila kurudia atalifungua, kwa wastani, baada ya majaribio 500 hivi. Akikosa bahati kabisa, atafika 1,000. Sasa tuseme mwenye baiskeli ana bidii isiyo na kifani, naye huibadili namba kila baada ya jaribio moja la mwizi. Mwizi hawezi tena kusema kwamba namba fulani amekwisha ijaribu, kwani aliyoiacha nyuma yaweza kuwa ndiyo ya sasa. Hata hivyo wastani wa majaribio yake hupanda kutoka 500 hadi 1,000 tu. Bidii yote ile imeongeza ugumu mara mbili, basi. Lakini jirani yake mvivu, aliyenunua kufuli la namba nne na asilibadili maisha yake yote, ameongeza ugumu mara kumi.

Tena hesabu hiyo imempendelea mwenye bidii, kwa kuwa tumechukulia kwamba kila namba mpya huchaguliwa kwa bahati tupu, bila uhusiano wowote na ile iliyotangulia. Binadamu hafanyi hivyo. Akiamriwa kubadili nywila aliyoizoea, hutafuta njia fupi kabisa ya kutii amri bila kuisumbua kumbukumbu yake: huongeza tarakimu mwishoni, hugeuza herufi ndogo kuwa kubwa, hubadili jina la mwezi. Hatumlaumu. Anayeombwa kukumbuka maneno ya siri kumi na kuyasahau yote kumi kila miezi mitatu ameombwa jambo lisilowezekana, naye amelitafutia ujanja.

Ujanja huo umewahi kupimwa. Watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha North Carolina huko Chapel Hill, nao ni Yinqian Zhang, Fabian Monrose na Michael Reiter, walipata kumbukumbu za akaunti zaidi ya 10,000 zilizokwisha fungwa, ambazo wenyewe walikuwa wakilazimishwa kubadili nywila kila miezi mitatu. Swali lao, katika taarifa waliyoitoa mwaka 2010, lilikuwa hili: mtu akiijua nywila ya zamani, aweza kuipata inayoifuata? Katika akaunti 17 kati ya kila 100, makisio yapatayo matano yalitosha. Na pale ambapo mkisiaji aliweza kutumia kompyuta kujaribu bila kizuizi, nywila 41 katika kila 100 zilipatikana katika muda wa sekunde chache. Maana yake ni kwamba mwizi aliyekwisha iba nywila mara moja hakufukuzwa na mabadiliko. Alibaki mlangoni akihesabu pamoja na mwenye nyumba.

Tumelishuhudia jambo hili wenyewe kwa kipimo kidogo. Katika ziara moja ya kukagua mazoezi ya kufundisha tulikuta shule ambayo kompyuta ya taaluma ilitumiwa na walimu watano kwa nywila moja. Shule ilikuwa tiifu sana kwa amri ya kubadili, na nywila ilikuwa jina la mwezi uliobadilishiwa likifuatiwa na mwaka. Siku tuliyofika, mwalimu wa taaluma alikuwa safarini na wenzake hawakuikumbuka nywila mpya, huku alama za mtihani zikitakiwa jioni ile. Mtu mmoja akapendekeza apigiwe simu mwalimu wa taaluma aliyemtangulia, ambaye alikuwa amehamia wilaya nyingine mwaka uliopita. Alipigiwa, akacheka, akauliza walibadili lini mara ya mwisho, na kwa jaribio la pili mlango ukafunguka. Walimu walishangilia. Sisi tulikaa kimya tukitafakari kwamba alama za watoto wa shule nzima zilikuwa mikononi mwa mtu asiyekuwa mwalimu wao tena, na kwamba kila mabadiliko yaliyofanywa kwa utiifu hayakumzuia hata kidogo. Aliyehama alikuwa mtu mwema. Angekuwa na kinyongo, je?

Mfano huo huonyesha pia wakati ambapo mabadiliko ni ya lazima. Shule ile ilipaswa kubadili nywila siku aliyohama mwalimu yule, na kuweka neno lisilo na uhusiano na la awali. Vivyo hivyo siku ile ya miaka ya 1960 ambapo nywila za MIT zilitangazwa kwa wote, hapakuwa na haja ya kungoja siku ya 90. Wala aliyekuwa amebadili nywila yake jana yake hakuwa na usalama wowote zaidi ya mwenzake. Anayepokea ujumbe wa hila, akaandika nywila yake katika ukurasa wa walaghai, ameibiwa dakika hiyo hiyo, na mwizi aghalabu hangoji. Huingia, huchukua alichokitaka, huondoka. Kalenda itafika baadaye, ikiwa na adabu zake zote, kufunga zizi lisilo na ng'ombe.

Wakubwa wa fani yenyewe wamekwisha geuka. Idara ya serikali ya Uingereza iliyohusika na usalama wa mitandao ilishauri mwaka 2015 kwamba watumiaji wasilazimishwe kubadili kwa vipindi. Mwaka 2017 Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani iliandika katika mwongozo wake kwamba nywila isibadilishwe kwa kupita muda tu, bali ibadilishwe panapokuwa na ushahidi kwamba imevuja. Mwaka huo huo Bill Burr, aliyeandika mwongozo wa awali wa taasisi hiyo, alikiri gazetini kwamba anayajutia mengi aliyoyapendekeza. Twaona kukiri huko ni jambo la heshima, na ni mfano mzuri kwa mwalimu anayegundua kwamba amefundisha kosa. Mwaka 2019 kampuni ya Microsoft iliondoa umri wa nywila katika mapendekezo yake ya usalama ya Windows, na katika toleo la mwaka 2025 taasisi ile ya Marekani iligeuza ushauri wake kuwa katazo, ikataka pia nywila inayosimama peke yake iwe na herufi zisizopungua 15.

Hata hivyo si wote waliogeuka, na haki yatutaka tulitaje hilo. Viwango vya usalama vya kadi za malipo bado vinazo siku 90 kama njia mojawapo, pale ambapo nywila ndiyo kinga pekee. Wenye kuutetea utaratibu huo husema kwamba mwizi mwingine ni wa kunyatia: huingia asionekane, akasoma barua za mtu kwa miezi, na bila mabadiliko ya mara kwa mara hatatoka kamwe. Hoja hiyo ina uzito wake. Jibu letu ni kwamba mwizi wa namna hiyo hutolewa na nywila mpya iliyo mpya kweli, na sheria ya kalenda ndiyo inayowafundisha watu kutunga nywila ambazo si mpya kweli. Afadhali tovuti imwonyeshe mwenye akaunti aliingia lini na kutoka chombo gani, ili amgundue mgeni mapema.

Mwalimu mtarajiwa ambaye tovuti yake bado inamlazimisha asigome, maana atafungiwa nje na kazi ya watoto italala. Atii, lakini kila mara aanze na neno jipya kabisa. Na akiona ni lazima aliandike, aliweke pamoja na vitu anavyovilinda kama fedha. Asilibandike ukutani.

Sasa tuje darasani. Tunashauri somo lianze na hadithi, na hadithi inayofaa kuliko zote ni ile ya Ali Baba na wezi arobaini, ambayo watoto wengi wameisikia. Pango la wezi hufunguliwa kwa neno, nalo ni jina la mbegu, yaani ufuta. Kassim, kakake Ali Baba, anaingia pangoni, anashikwa na tamaa, na anapotaka kutoka analisahau neno. Anataja shayiri na mbegu nyinginezo, mlango hausikii, na wezi wanarudi wanamkuta mle ndani. Mwalimu asimalize hadithi upesi. Awaulize watoto: wezi walipomkuta mtu pangoni, walijua nini kuhusu neno lao? Walipaswa kufanya nini siku ile ile? Watoto huliona wenyewe kwamba neno lilikwisha vuja na wezi hawakulibadili, bali walihangaika kumtafuta mtu, na ndiyo maana mwishoni Ali Baba anaingia tena pangoni kwa neno lile lile. Kisha aulize swali la upande wa pili: kama neno lingekuwa linabadilishwa kila wiki, ni wezi wangapi kati ya arobaini wangenasa pangoni kama Kassim? Swali hilo huleta kicheko, na kicheko kikitulia somo limekwisha ingia.

Hatua ya pili ni ya hesabu. Watoto wakae wawili wawili. Mmoja aandike kwa siri tarakimu moja, kati ya 0 na 9, mwenzake akisie bila kurudia, na idadi ya makisio iandikwe. Warudie mara kadhaa, kisha darasa zima litafute wastani. Utakaribia 5 na nusu. Mzunguko wa pili, mwenye siri achote kwa bahati, kutoka katika kopo lenye vikaratasi kumi, tarakimu mpya kila baada ya kisio moja. Wastani utapanda kuelekea 10. Mwisho siri iwe ya tarakimu mbili isiyobadilishwa, na hapo watoto watachoka kabla ya kumaliza, kwani wastani ni kama 50. Uchovu huo ndio kielelezo; mwalimu asiufupishe kwa kuwatajia jibu. Hapa yafaa kuitaja namba ya siri ya kutumia fedha kwa simu, maana watoto wameiona nyumbani. M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007, hutumia tarakimu 4, yaani mipangilio 10,000, ambayo si mingi kwa kompyuta. Lakini anayekosea mara chache hufungiwa, na kwa hiyo mkisiaji hapati nafasi ya kuendelea.

Katika hatua ya tatu watoto watunge nywila ya sanduku la kubuni. Tunasisitiza neno kubuni: mwalimu asiwaombe kamwe watoto waseme nywila au namba za siri halisi, zao wala za wazazi wao, hata kwa mfano. Wiki ya kwanza watunge, wiki ya pili wabadili, wiki ya tatu wabadili tena, kila mara wakiandika kwenye daftari. Kisha wabadilishane madaftari, nywila ya tatu ikiwa imefunikwa, na kila mmoja ajaribu kuikisia ya mwenzake kwa kuzitazama mbili za awali. Tulipolijaribu somo hili darasani, aliyeandika simba1 na simba2 alishangaa jinsi jirani yake alivyojua kilichofuata, nasi tulishangaa kuona ni wengi kiasi gani walikuwa wamefanya kama yeye bila kufundishwa na mtu.

Baada ya hapo watoto waonyeshwe njia bora, ambayo ni kuokota maneno manne kwa bahati kutoka katika chungu cha vikaratasi na kuyaunganisha, kwa mfano kinu, mvua, gunia, redio. Kama orodha ina maneno 2,000, mipangilio ya maneno manne hufikia trilioni 16, ilhali herufi ndogo 8 za alfabeti ya Kiingereza zilizookotwa kwa bahati hutoa takriban bilioni 209. Maneno manne hukumbukwa kwa kuyatungia kisa, na watoto ni mabingwa wa visa. Wako watakaopenda kutumia methali kwa kuwa ni ndefu na wanaijua kwa moyo. Waulizwe ni nani mwingine anayeijua.

Vipindi viwili kwa wiki ya kwanza, na kimoja kwa kila wiki mbili zifuatazo, vinatosha. Makopo na vikaratasi vyaweza kutayarishwa na watoto wenyewe, na kufuli la namba huazimwa kwa mwenye baiskeli. Likikosekana, vipande vitatu vya boksi vilivyokatwa mviringo, vikaandikwa tarakimu ukingoni na kuchomekwa katika mti mmoja, hufanya kazi ile ile. Mwisho wa kipindi cha mwisho mwalimu akusanye vikaratasi vyote na kuvichoma mbele ya darasa, na atakayeuliza kwa nini vinachomwa aachwe ajibiwe na wenzake.